Hakuna Pointi Inayopotea

Shemeji yangu alipiga simu saa mbili usiku, mvua inanyesha Uthiru na stima zimepotea. Mpwa wangu, binti yake, akaiweka simu mezani kando ya mshumaa, sauti ikaachiwa, tukamsikiliza sote wawili.

"Pointi arobaini na mbili," alisema. "Arobaini na mbili, mama! Halafu unataka kwenda kushika chaki? Unajua ni watoto wangapi huku kijijini wangelia machozi kupata hiyo injinia? Unazitupa hizo pointi. Unazitupa."

Binti hakujibu. Alikuwa na wiki mbili tu chuoni. Alikuwa ameitwa kusomea uhandisi wa ujenzi, naye alitaka kuhamia ualimu wa hisabati na fizikia. Fomu ya kuhama kozi ilikuwa imekunjwa ndani ya daftari lake, na mwisho wa kuirudisha ulikuwa Ijumaa.

Nimepanda gari za Kangemi na Kikuyu kwa miaka mingi, nikibanana asubuhi na wanafunzi wa Chiromo, wa Parklands, wa Kabete, na kila msimu wa kupokea wanafunzi wapya nasikia maneno hayo hayo ya shemeji. Nimeyasikia kanisani, nimeyasikia kwenye chama, nimeyasikia kwa makondakta. Mwenye A akienda ualimu, amepoteza pointi. Aliyefikisha alama za udaktari akichagua jiolojia, amepoteza pointi. Aliyeitwa sheria akasema moyo wake uko kwenye Kiswahili, huyo watu hudhani amerogwa. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao ndio waliouza ng'ombe ili mtoto amalize sekondari, na kwa sababu hiyo hasa wanastahili kujibiwa kwa kirefu. Imani yao ni kosa, na kosa hilo linawafungia vijana werevu kabisa wa nchi hii katika madarasa wasiyoyataka.

Tuitazame hiyo pointi. KUCCPS, chombo cha kuwapangia wanafunzi vyuo kilichoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 kuchukua kazi ya ile bodi ya zamani tuliyoiita JAB, huchukua alama za mtahiniwa katika masomo manne yanayohusiana na kozi, huzipima pamoja na jumla ya masomo yake saba, na kupata uzito ambao kilele chake ni 48. Walioomba kozi hupangwa kwa uzito huo, viti vikagawiwa kuanzia juu kushuka chini mpaka viishe. Uzito wa yule aliyepata kiti cha mwisho ndio unaotangazwa kuwa alama ya kuingilia kozi hiyo. Basi. Namba ile tunayoitaja kwa heshima, ambayo kwa ajili yake mtoto huambiwa anaitia nchi aibu, ni alama ya mtu mmoja aliyewahi kuketi kabla mlango haujafungwa. Haisemi kozi ni ngumu kiasi gani, haisemi ina faida gani kwa taifa, wala haisemi lolote kumhusu aliyeketi mbele yake.

Anayesafiri magharibi mwa mji huu anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni, nauli ya Kangemi hupanda maradufu. Kangemi haijawa nzuri zaidi. Ni ile ile, na matope yake yameongezeka. Watu wamekuwa wengi na viti vichache. Alama ya kuingilia udaktari au sheria hupanda kwa njia hiyo hiyo, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeamua mahali pa kulala kwa kutazama nauli ya wapi imepanda zaidi.

Halafu kuna hili neno "kutupa". Kitu hutupwa kikiwa kinaweza kutumika mahali pengine. Pointi hazina matumizi mengine. Zikishakuvusha mlangoni kazi yake imekwisha, uvukie mlango wa pointi 46 au wa pointi 28. Huwezi kuziweka SACCO zizae, huwezi kumrithisha mdogo wako. Mtu mrefu akipita katika mlango mfupi, akitokea upande wa pili hajapungua urefu. Akili iliyompa binti yule pointi 42 ataingia nayo darasa lolote, na ataitumia humo kila siku akiwa na hamu ya kuitumia. Asipokuwa na hamu, italala.

Na kipimo chenyewe hakijatulia kiasi cha kuapiwa. Mwaka 2016, mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari uliposimamiwa kwa mkono wa chuma, waliopata A katika Kenya nzima walikuwa 141. Mwaka 2024 walikuwa 1,693. Mwaka 2023 njia ya kukokotoa gredi ya jumla ilibadilishwa: hisabati na lugha moja zikabaki za lazima, kisha yakahesabiwa masomo mengine matano ambayo mtahiniwa alifanya vizuri zaidi. Waliofikisha C+ wakatoka 173,345 mwaka 2022 hadi 201,133. Watoto hawakubadilika maumbile kati ya Desemba moja na nyingine. Rula ilibadilishwa. Sisemi mabadiliko yale yalikuwa mabaya, na kwangu yalikuwa ya haki. Ninachokataa ni kuichukua rula inayobadilika mikononi mwa maafisa na kuifanya sauti ya Mungu juu ya maisha ya mtu wa miaka kumi na minane.

Kuna jambo ambalo kizazi cha shemeji yangu kimelisahau haraka mno. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya kujilipia, yale tuliyoyaita paralelo. Kuanzia hapo, aliyekosa pointi za sheria au za biashara lakini akawa na mzazi mwenye uwezo alilipa karo na kuketi kiti kilekile, mbele ya mhadhiri yuleyule, mara nyingi jioni baada ya kazi. Mji ulijaa wanafunzi wa namna hiyo kwa karibu miaka ishirini. Sikumsikia mtu akiwaambia kwamba wamekwenda juu ya pointi zao. Tuliwapongeza kwa kufuata walichokitaka. Pointi zikawa takatifu kwa mtoto wa mkulima peke yake, na yeye ndiye anayeambiwa hata leo kwamba akichagua kilicho chini ya alama zake ametenda dhambi.

Sasa nije kwenye chaki, maana ndiyo iliyomuuma shemeji.

Usiku ule ule, kabla simu haijalia, mtoto wa mlinzi wa ploti yetu alikuwa amekuja na daftari. Yuko Gredi ya 8. Alikuwa ameambiwa shuleni kwamba hasi mara hasi ni chanya, ameandika hivyo, amepata vema nyekundu, na haelewi hata chembe. Mpwa wangu hakumpa kanuni. Alimuuliza, "Una madeni mawili dukani, kila moja shilingi mia tatu. Mwenye duka akisema anayafuta yote mawili, umepata au umepoteza?" Mtoto akasema amepata. "Kiasi gani?" "Mia sita." "Haya. Deni ni hasi mia tatu. Kufutiwa madeni mawili ni hasi mbili. Andika." Mtoto akaandika, akatazama alichoandika, akacheka kwa sauti kama aliyeona mtu akitoa sarafu sikioni. Mimi nina umri wa miaka hamsini na tatu, nilipata B ya hisabati, na ndiyo mara ya kwanza nilipoelewa kwa nini.

Wazazi wale wale wanaosema mwenye A akienda ualimu amejitupa, ndio wanaosimama kwenye mkutano wa shule wakiuliza kwa ukali kwa nini hisabati imewashinda watoto wao. Wanataka mwalimu hodari awe mtoto wa jirani. Nchi haiwezi kuwafukuza wote wenye akili ya hesabu wasikaribie darasa, kisha ikashangaa darasani kuna giza. Aliye hodari wa hisabati akiamua mwenyewe, bila kusukumwa, kwenda kuifundisha, hiyo ni bahati yetu sote, na jibu letu linakuwa kumpigia kelele.

Hoja ya ajira naiheshimu, kwa sababu, tofauti na hoja ya pointi, inahusu kitu cha kweli. TSC, tume inayoajiri walimu, ina foleni ndefu ya walimu waliohitimu wakakaa nyumbani. Walimu vibarua wa sekondari msingi wamelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka 2024 waliingia barabarani kulalamika. Mpwa wangu anayajua hayo yote, kuliko baba yake. Lakini anayelinganisha na alinganishe pande zote mbili. Mwaka huo huo wa 2024 madaktari wa nchi hii waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na kiini cha mgomo ule kilikuwa madaktari wanagenzi: vijana waliomaliza miaka sita ya kozi yenye alama za juu kuliko karibu zote, wakabaki nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali, huku serikali ikitaka kuwalipa 70,000 badala ya takriban 206,000 zilizoandikwa katika mkataba wa mwaka 2017. Kama kuna kozi iliyouzwa kwa wazazi wetu kama tiketi isiyokataliwa, ni udaktari. Nao walisimama juani na mabango.

Ikiwa hakuna kozi inayokuhakikishia kazi, lililobaki ni kuuliza ni kazi gani utaivumilia foleni yake. Mwenye kuipenda kazi yake atafundisha tuisheni, atafundisha shule ya kibinafsi, ataandika vitabu vya mazoezi, atazunguka mpaka apate pa kuingilia. Asiyeipenda atatoka kwenye foleni siku ya kwanza itakaposimama, na hapo ndipo tutakapopata mhandisi anayeuza mitumba huku anailaani miaka mitano.

Wengine hawataji pointi. Wao husema, "Vumilia. Mvumilivu hula mbivu." Makomredi wa mwaka wa tatu hulisema kwa njia yao: komaa nayo, digrii ni digrii. Mimi nimelelewa kwa methali na siwezi kuzibeza, lakini mvumilivu anayekula mbivu ni yule aliyeketi chini ya mti wa matunda. Ukiketi chini ya mwarobaini miaka mitano ukingoja embe, subira yako haitabadilisha mti. Na kuna methali nyingine ambayo wazee hao hao walitufundisha, ya ufa na ukuta. Mwanafunzi wa wiki ya pili ana ufa mbele yake. Akihama sasa amepoteza mihadhara michache. Akihama mwaka wa tatu amepoteza miaka miwili na karo yake. Akimaliza halafu akaanza upya, hapo ndipo pana ukuta, na wengi hawana nguvu ya kuujenga.

Wapo wanaoona kuhama kuwa ni kutangatanga, dalili ya mtu asiye na msimamo. Okot p'Bitek alikwenda Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji wa timu ya taifa ya mpira ya Uganda. Akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, kisha sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia ya jamii Oxford. Kwa hesabu za shemeji, huyo ni mtu aliyetupa sheria. Miaka ya sabini alikuwa hapa Nairobi akifundisha chuo kikuu, jina lake likiwa limeenea Afrika nzima kwa utenzi wa Lawino uliochapishwa mji huu huu mwaka 1966. Wangari Maathai naye alirudi kutoka Marekani mwaka 1966 akiwa na shahada mbili za biolojia na barua ya kuahidiwa kazi ya utafiti wa zuolojia chuoni Nairobi. Alipofika akaambiwa nafasi amepewa mtu mwingine. Hakuketi kuilinda ile zuolojia. Aliingia idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akapata humo shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Watu wote wanakumbuka miti yake na Tuzo ya Nobel ya 2004. Wachache wanakumbuka kwamba njia ilianza kwa kugeuka.

Sitaki kueleweka vibaya. Si kila anayetaka kuhama ahame. Yupo anayetoroka mtihani wa kwanza uliomwangusha, na huyo atakutana na mtihani mwingine huko aendako. Yupo anayemfuata rafiki wa bweni. Yupo aliyependa jina la kozi bila kujua kilichomo ndani. Kwa hiyo nilipoletewa habari hii sikumwambia mpwa wangu fuata moyo, maana moyo wa fresha wa wiki mbili hubadilika kila Jumatatu. Nilimwambia aende akaketi. Kumbi za mihadhara ya mwaka wa kwanza zina mamia ya watu, hakuna anayeuliza wewe ni nani. Mwanafunzi wa makao makuu pale University Way anayetamani kozi ya Chiromo hana hata haja ya nauli: ateremke kwa miguu kupitia Museum Hill, aingie, akae nyuma, asikilize saa mbili. Aende mara tatu, mara nne. Aombe kuona maswali ya mtihani wa mwaka uliopita. Aongee na wa mwaka wa nne, ambao wameshachoka na hawana sababu ya kudanganya. Mpwa wangu alifanya hivyo siku sita. Siku ya sita alirudi na daftari limejaa, na la uhandisi lilikuwa na kurasa mbili.

Karatasi nazo zisipuuzwe. Anayehama lazima awe amefikisha alama za kozi anayoitaka kwa mwaka wake, awe na masomo yanayodaiwa, mkuu wa kitivo kinachompokea akubali, na awahi tarehe. Anayehamia chuo kingine hupitia KUCCPS dirisha linapofunguliwa. Na pesa iulizwe kabla ya kitu chochote kusainiwa: katika mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, ambao umeshafika mahakamani, msaada na mkopo hupimwa kwa gharama ya kozi na hali ya nyumbani, hivyo kozi ikibadilika sehemu ya familia nayo inaweza kubadilika. Kwa mpwa wangu, kozi ilikuwa inatoka miaka mitano kuja minne. Hilo peke yake lilipaswa kumnyamazisha baba yake, lakini pointi zilikuwa zimemziba masikio.

Nimeambiwa na mtu ninayemheshimu kwamba kuchagua ni anasa ya matajiri, mtoto wa maskini achukue alichopewa. Nimelifikiria neno hilo kwa siku kadhaa na naliona limepinduliwa. Mtoto wa tajiri akikosea kozi, baba yake atampeleka akasome nyingine. Maskini ana shahada moja maishani, mara nyingi moja kwa ukoo mzima. Mkopo wa elimu ya juu wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayekawia kulipa hutozwa faini ya 5,000 kila mwezi. Deni hilo halitauliza kama uliipenda kozi au ulimpendeza shemeji. Ikiwa kuna mtu ambaye hawezi kabisa kumudu kusoma kitu ambacho hatakitumia, ni huyo aliyetoka kijijini na sanduku moja.

Na haya hayataishia kwa hawa wa KCSE. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wamegawanywa katika njia tatu, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, na tayari nasikia mitaani kwamba mwenye alama nzuri akienda sanaa amejipoteza. Tumeichukua imani ile ile na kuishusha hadi kwa mtoto wa miaka kumi na mitano.

Alhamisi jioni shemeji alipiga tena. Stima zilikuwepo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hoja zote nilizoziandika hapa, sikuhitaji hata moja. Aliuliza mwalimu anaanza na mshahara gani, nikamwambia ukweli. Aliuliza ni miaka mingapi, nikamwambia minne. Akauliza kama ni kweli kwamba binti yake amekuwa akimfundisha mtoto wa mlinzi, na kama huyo mtoto ameelewa. Nikampa simu binti ajibu mwenyewe. Waliongea Kiluhya kwa muda, taratibu, na mimi nikatoka nje kufunga geti. Niliporudi simu ilikuwa imekatwa na fomu iko mezani, kalamu juu yake.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema Desemba nikienda nyumbani niende na vitabu vyangu, mjomba. Eti hisabati inamlemea huyu mdogo wetu."